Ushindi Mara 14, Pointi Sifuri: Kisa cha Melbourne Storm, Msimu wa 2010

Jedwali la mwisho la msimu wa 2010 wa NRL, ligi ya kulipwa ya raga ya wachezaji 13 nchini Australia, nimelisoma mara nyingi kutoka chini kwenda juu. Nafasi ya 15 wapo North Queensland Cowboys: mechi 24, ushindi 5, vipigo 19, pointi 14. Nafasi ya 16, wakiburura mkia, wapo Melbourne Storm: mechi 24, ushindi 14, vipigo 10, pointi 0.

Hesabu ziko sawa. Timu iliyoshinda mechi 14 iliwekwa chini ya timu iliyoshinda 5, kwa amri ya ligi iliyotolewa tarehe 22 Aprili 2010, msimu ukiwa bado mchanga, baada ya klabu kukutwa imewalipa wachezaji wake kwa siri kupita kiwango kilichoruhusiwa. Tangu siku hiyo Storm walipanda basi na ndege, wakaingia uwanjani kila wikendi, wakapigana vikumbo kwa dakika 80 na kurudi nyumbani bila kuongezewa chochote, washinde wasishinde. Nimekuwa nikijiuliza swali moja kuhusu msimu ule: deni lile lilikopwa na nani, na likalipwa na nani? Kadiri ninavyolifuatilia ndivyo ninavyoona kwamba waliokopa na waliolipa ni watu tofauti.

Wengi wetu Afrika Mashariki raga tunayoijua ni ya watu 15, au ile ya saba kila upande ambayo Wakenya wameipenda kwa miaka mingi. Hii ya watu 13 ni tawi lililojitenga, na chanzo cha kujitenga kwake kinagusa moja kwa moja kisa hiki. Mwaka 1895, katika mji wa Huddersfield kaskazini mwa Uingereza, klabu za miji ya migodi na viwanda zilijitenga na chama cha zamani kwa sababu ya fedha. Wachezaji wao walikuwa vibarua. Wakienda kucheza Jumamosi walikatwa mshahara, na chama kikakataa wafidiwe. Klabu zikaondoka na kuanzisha mchezo wao. Baadaye sheria nazo zikabadilika: wachezaji wakapunguzwa, na timu ikapewa idadi maalumu ya kukabwa kabla ya kuuachia mpira, ambayo leo ni mara sita. Sydney waliupokea mchezo huo na kucheza msimu wao wa kwanza mwaka 1908. Kwa hiyo ni mchezo uliozaliwa ili mchezaji alipwe haki yake, na zaidi ya miaka 100 baadaye ukatikiswa kwa sababu wachezaji walilipwa kupita kiasi kilichokubaliwa.

Kiasi hicho ndicho ukomo wa mishahara. Aliyezoea soka la Ulaya, ambako tajiri huweza kununua karibu kila anachokitaka, itambidi aweke mazoea hayo kando. Raga ya Australia ilianza kuweka ukomo mwaka 1990. Kila klabu hupewa kiwango kimoja cha fedha za kuwalipa wachezaji wake wakuu, iwe klabu ya kitongoji cha Sydney yenye jumba lililojaa mashine za kamari au klabu changa ya mbali. Mwaka 2010 kiwango kilikuwa takriban dola milioni 4.1 za Australia. Lengo ni kwamba asiwepo wa kujikusanyia nyota wote, na shabiki wa timu yoyote aanze Machi akiwa na sababu ya kuota. Mfumo huo ulikuwa unafanya kazi. Kuanzia 1998 hadi 2006, misimu tisa, walipatikana mabingwa saba tofauti: Brisbane Broncos, Storm wenyewe, Newcastle Knights, Sydney Roosters, Penrith Panthers, Canterbury Bulldogs na Wests Tigers. Broncos pekee ndio waliorudia.

Ndipo Storm wakaingia fainali kuu nne mfululizo, 2006 hadi 2009. Walipoteza ya kwanza kwa Brisbane, 15-8. Mwaka 2007 waliwafunga Manly 34-8. Mwaka 2008 Manly haohao wakawalipiza 40-0. Mwaka 2009 waliwafunga Parramatta Eels 23-16. Katika enzi ya ukomo, kufika fainali mara nne bila kupumzika lilikuwa jambo la kushangaza. Wengi walilieleza kwa sifa za kocha Craig Bellamy, na sifa hizo alistahili.

Utamu wa timu ile unahitaji kuutazama kwa karibu. Katika raga hii mchezaji akishakabwa huinuka, huuweka mpira chini na kuusogeza nyuma kwa wayo wake. Kwa Storm aliyeinama kuuokota alikuwa Cameron Smith. Hakuwa na mbio za kutisha wala misuli ya kuogofya. Alichokuwa nacho ni subira ya nusu hatua: aliushika mpira, akasubiri kidogo mno, akamwona mlinzi mmoja akiegemea upande mmoja, ndipo akaamua. Kulia kwake alisimama Cooper Cronk, mpangaji wa mashambulizi, aliyejua mpira utamfikia lini kabla Smith hajauachia. Nyuma kabisa, mita kadhaa nje ya picha ya televisheni, Billy Slater alikuwa ameshaanza kukimbia. Mlinzi akimfuata Cronk, Slater anapita. Akimngoja Slater, Cronk anapiga teke fupi nyuma ya ukuta. Akiwakazia macho wote wawili, mpira unafika pembeni kwa Greg Inglis, jitu lenye mbio za kijana mdogo.

Kuelewana kwa namna hiyo kunajengwa kwa miaka. Smith, Slater na Cronk walipitia klabu moja ya kulelea vipaji huko Brisbane, Norths Devils, wakiwa vijana wa bei ndogo. Walikua pamoja, wakaitwa timu ya jimbo la Queensland, wakaitwa timu ya taifa, na kila hatua ikapandisha thamani yao. Hapo ndipo ukomo wa mishahara unapouma. Klabu inayolea vizuri hufika siku ambayo vijana wake wote wanastahili mshahara mkubwa kwa wakati mmoja, na inabidi imwache mmoja au wawili waende. Klabu nyingine ziliuonja uchungu huo: zililea, zikapanda chati, zikaachia. Watendaji wa Storm hawakukubali kuachia. Wachezaji walikuwa tayari wa kwao. Fedha ya siri ilitumika kununua muda wa kuwaweka pamoja, msimu mmoja zaidi, halafu mwingine.

Naelewa shinikizo lililokuwapo, ingawa silitolei udhuru. Melbourne ni mji wa soka la Kiaustralia, lile la uwanja wa duara na nguzo nne. Raga huko ni mgeni. Storm waliingia ligi mwaka 1998, wakachukua ubingwa mwaka uliofuata mbele ya watu 107,999 mjini Sydney, na bado walilazimika kumthibitishia kila mwenyeji kwamba wanastahili kuwapo. Klabu ya Sydney ikishindwa miaka mitano, wajukuu wa mashabiki wake watarithi jezi vilevile. Storm hawakuwa na wajukuu bado.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuigundua. Mchezaji alikuwa na mkataba uliopelekwa ligi, wenye kiasi kinachoingia ndani ya ukomo. Kando yake kulikuwa na barua nyingine, iliyowekwa mbali na macho ya mkaguzi, ikimwahidi nyongeza. Kanuni zinamruhusu mfadhili wa nje amlipe mchezaji kwa matangazo, mradi klabu yenyewe isiwe imeyapanga wala kuyadhamini malipo hayo. Klabu ikishatia mkono wake, fedha hiyo inahesabiwa. Mkaguzi wa ligi, Ian Schubert, aliyewahi kuwa mchezaji, alizifuatilia nyayo hadi zikafika kwenye barua hizo. Mtendaji mkuu wa NRL, David Gallop, alipotangaza matokeo alizungumzia klabu iliyokuwa na seti mbili za vitabu vya hesabu kwa miaka mitano.

Kiasi kilichotajwa siku ile ni dola milioni 1.7 juu ya ukomo. Uchunguzi wa baadaye uliofanywa na Deloitte, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, ulikipandisha hadi takriban milioni 3.17, ukiwahusu wachezaji 13.

Adhabu ikasomwa. Ubingwa wa 2007 ukafutwa, na wa 2009 pia. Ngao ya J. J. Giltinan, anayopewa kinara wa msimu wa kawaida, ikafutwa kwa miaka mitatu, 2006 hadi 2008. Taji la dunia la klabu walilolitwaa miezi miwili tu kabla kwa kuwafunga Leeds Rhinos huko Uingereza likaondoka nalo. Faini na marejesho ya fedha za zawadi vikafika dola milioni 1.689, sehemu kubwa ikigawiwa klabu nyingine 15. Pointi 8 walizokwisha kuvuna mwaka ule zikafutwa, na wakaambiwa kuwa kwa mechi zote zilizobaki hawatapata pointi yoyote.

Kwenye mataji yaliyofutwa sina ubishi. Ushindi wa 2007 na 2009 ulipatikana na kikosi ambacho kanuni zingekizuia kisiwepo. Wapo waliosema kwamba ubingwa unapatikana uwanjani, na kwamba hakuna karatasi inayoweza kufuta kumbukumbu ya trai (bao la kuugusisha mpira chini) ya Slater. Kumbukumbu haifutiki, nakubali. Lakini ubingwa ni cheti kwamba ulimshinda mwenzako kwa masharti yaleyale, na masharti hayakuwa yaleyale. Naona pia ligi ilifanya vyema kutowapa Manly na Parramatta mataji hayo. Huwezi kumtumia mtu furaha ya 2007 kwa posta mwaka 2010. Safu hizo mbili zimebaki tupu katika orodha ya mabingwa hadi leo.

Panaponisumbua ni hiyo amri ya kucheza bila pointi.

Siku tatu baada ya tangazo ilikuwa tarehe 25 Aprili, Siku ya Anzac, ambapo Australia na New Zealand huwakumbuka askari wao tangu wale waliotua Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915. Storm walipangiwa kuwakaribisha New Zealand Warriors katika uwanja wa Etihad. Jaribu kuwaza chumba cha kubadilishia nguo siku ile. Kocha wao alikuwa amesimama mbele ya kamera siku hizohizo akisoma taarifa, kikosi kizima kikiwa nyuma yake, nyuso zimekaza. Sasa wanafunga kamba za viatu kwa ajili ya mechi ambayo jedwali halitaitambua. Zaidi ya watu 23,000 walikuja kuitazama. Storm walishinda 40-6.

Mechi ile ndiyo inayonifanya niamini kwamba wachezaji hawa hawakuwa wakicheza kwa ajili ya bahasha. Yapo maswali halali kuhusu nani alijua nini. Mtu aliyetia saini barua ya pili alipaswa kuuliza kwa nini ipo. Hata hivyo ligi haikumfungia mchezaji yeyote, na wengi kwenye kikosi kile, vijana wa benchi na wapya wa 2010, hawakuwa na barua ya pili. Waliadhibiwa sawasawa na waliokuwa nayo. Kijana aliyecheza msimu wake wa kwanza mwaka ule alimaliza akiwa na jina la mshika mkia katika rekodi zake, katika timu iliyoshinda zaidi ya nusu ya mechi.

Kwa Waaustralia anayemaliza mwisho husemwa amepata kijiko cha mbao. Kwa Kiswahili kijiko hicho tunakiita mwiko, na neno letu linabeba maana mbili: chombo cha kusongea ugali, na jambo lisiloruhusiwa kufanywa. Kwa Storm wa 2010 maana zote mbili ziliangukia mezani pamoja. Waliovunja mwiko walikuwa wameshaondoka ofisini. Waliokabidhiwa mwiko walikuwa uwanjani. Brian Waldron, aliyeiongoza klabu katika miaka mingi ya makosa hayo, alikuwa amekwisha kuhamia Melbourne Rebels, klabu mpya ya raga ya watu 15, na kashfa ilipolipuka alijiuzulu huko.

Tuje kwa klabu nyingine 15, kwa sababu mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba ni cha Storm peke yao. Amri ya pointi sifuri ilikuwa ya upande mmoja: anayewafunga Storm alichukua pointi 2 kama kawaida, anayefungwa na Storm alizikosa kama kawaida. Kikosi kikaachwa kiendelee na msimu kikiwa na nyota walewale. Yaani wapinzani waliendelea kukutana na timu ile ile iliyotamkwa kuwa imekusanywa kwa njia isiyo halali. Aliyefungwa na Storm mwezi Juni alipoteza pointi zake kwa kikosi ambacho ligi yenyewe ilikwisha kukihukumu mwezi Aprili. Sioni namna ya kuuita huo uwanja ulio sawa.

Na tazama mkia wa nane bora. Mwaka ule timu nane za juu ndizo zilizoingia mtoano. Manly walikuwa wa nane: ushindi 12, vipigo 12, pointi 28. Storm, kwa ushindi wao 14, pointi za mechi peke yake zingefika 28, na wiki za mapumziko, ambazo ligi hii huzipa pointi 2 kila moja, zingewaweka juu yake. Manly wangebaki nje. Klabu iliyopoteza fainali ya 2007 kwa kikosi kile ndiyo iliyopata nafasi iliyoachwa wazi, ikaenda kufungwa 28-0 na St George Illawarra Dragons katika mchezo wa kwanza wa mtoano. Ukitafuta fidia katika kisa hiki, ndiyo hiyo, na ilikuwa nyembamba.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ligi ingeweza kuwasimamisha Storm kabisa, lakini timu 16 zilitoa mechi 8 karibu kila wikendi, na mechi hizo zimekwisha kuuzwa kwa televisheni na kwa wenye tiketi za msimu; kila wiki mpinzani mmoja angekaa bure. Ingeweza kuwalazimisha waachie wachezaji katikati ya msimu hadi kikosi kirudi ndani ya ukomo. Hiyo ingewafaa wapinzani wa baadaye, na ingemhukumu mchezaji ahame mji na watoto wako shuleni, kwa kosa la mhasibu. Mwaka 2002 Canterbury Bulldogs walikuwa wameshinda mechi 17 mfululizo walipokutwa na kosa la aina hii; walinyang'anywa pointi zote 37 msimu ukikaribia kuisha, wakashuka hadi mkiani. Ilikuwa kali, ila ilikuja mwishoni, na zilikuwa zimebaki mechi chache za kuchezwa bure. Mwaka 2016 Parramatta walikatwa pointi 12 na wakaendelea kuvuna nyingine. Njia hiyo ya 2016 naiona bora: kata pointi nyingi kiasi cha kuwatoa kwenye mbio, lakini acha kila ushindi uwe na thamani, ili anayefungwa nao na anayewafunga wote wawe kwenye hesabu moja. Gallop hakuwa na muda mrefu wa kutafakari, na simlaumu kwa ukali wake. Ninachopinga ni sifuri.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mmiliki wa Storm alikuwa News Limited, kampuni ya magazeti. News Limited hiyohiyo ilikuwa na nusu ya NRL, urithi wa vita vya miaka ya 1990 vilivyoigawa raga ya Australia kuwa ligi mbili mwaka 1997 kabla ya kuunganishwa tena mwaka 1998. Kwa maneno mengine aliyekuwa akimiliki mshtakiwa alikuwa pia mshirika katika nyumba ya hakimu, na magazeti yake yalikuwa yakiripoti kesi. Sisemi kwamba Storm walibebwa; adhabu yenyewe inakataa. Nasema hakuna aliyeweza kuitazama hukumu ile, iwe kali au laini, bila kushuku. Shabiki wa Sydney alishuku kwamba miaka mitano ya kutogunduliwa ilikuwa na sababu. Shabiki wa Melbourne alishuku kwamba mmiliki alikubali adhabu haraka ili kuilinda ligi yake. Wakurugenzi huru wanne wa klabu walikwenda mahakamani kuipinga adhabu. Mwezi Julai News Limited iliwaondoa kwenye bodi, na shauri likafia hapo.

Kwa hiyo watu wa Melbourne, waliolipia jezi na tiketi, hawakupata siku ya kusikilizwa mbele ya chombo ambacho mmiliki wao hakuwa na mkono ndani yake. Ndiyo maana naona matokeo makubwa ya kashfa hii yalikuwa nje ya jedwali: yalizidisha hoja ya kwamba kampuni ya habari isiwe mmiliki wa ligi. Februari 2012 ilianza kazi tume huru ya kuuendesha mchezo, Australian Rugby League Commission, na News Limited ikatoka. Mwaka uliofuata iliiuza Storm pia.

Nirudi uwanjani, kwa sababu msimu wa 2010 ulikuwa na mambo yake mazuri yaliyomezwa na habari hii. Roosters, waliomaliza wa mwisho mwaka 2009, walifika fainali kuu. Njiani walicheza na Wests Tigers mechi ya mtoano iliyokwenda dakika za nyongeza, dakika baada ya dakika, miguu imeisha, mpaka Shaun Kenny-Dowall alipounasa mpira dakika ya 100 na kukimbia nao hadi mwisho: 19-15. Tarehe 3 Oktoba, Dragons wa kocha Wayne Bennett waliwafunga Roosters 32-8 baada ya kuwa nyuma 8-6 wakati wa mapumziko. Ulikuwa ubingwa wa kwanza tangu St George na Illawarra waungane, na kwa upande wa St George wa kwanza tangu 1979. Mwaka huohuo Smith, Slater na Inglis waliisaidia Queensland kuifagia New South Wales 3-0 katika mechi za majimbo, na Slater akatajwa mchezaji bora wa mfululizo ule. Wanaume wale walikuwa na kilele cha uwezo wao katika mwaka ambao klabu yao ilihesabiwa sifuri.

Msimu ulipoisha bili ya ukomo ikaja. Inglis aliondoka kwenda South Sydney. Ryan Hoffman, Jeff Lima na Brett Finch walivuka bahari kwenda Wigan, Uingereza. Brett White alikwenda Canberra, Aiden Tolman akaenda Canterbury. Kile ambacho watendaji walikikwepa kwa miaka mitano, yaani kuachia, kilifanyika kwa miezi michache. Waliobaki ni Smith, Slater na Cronk, na Bellamy.

Mwaka 2011, wakiwa ndani ya ukomo, Storm walimaliza msimu wa kawaida wakiwa kileleni. Tarehe 30 Septemba 2012 waliwafunga Canterbury Bulldogs 14-4 katika fainali kuu, na Cronk akachukua tuzo ya mchezaji bora wa siku. Mashabiki wa Melbourne husema hapo ndipo jina lao lilisafishwa, na nawaelewa. Ubingwa ule hauna doa. Lakini nikiitazama hoja kwamba ushindi wa 2012 unathibitisha wangeshinda hata 2007 na 2009 bila nyongeza, naiona haisimami. Bellamy na watatu wake walifika 2012 wakiwa wamecheza pamoja kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo ilikuwa imenunuliwa.

Na katika mwaka huohuo wa 2012 kuna jina jingine. Nathan Hindmarsh wa Parramatta alikuwa mkabaji asiyechoka, soksi zimeshuka, kaptula ikimdondoka kila mara hadi watoto wa magharibi ya Sydney wakaipenda kama alama yake. Alicheza mechi 330 za ligi, zote kwa klabu moja. Alifika fainali kuu mbili. Ya 2001 alipoteza kwa Newcastle. Ya pili ilikuwa Oktoba 2009, mbele ya watu 82,538, alipofungwa 23-16 na timu ambayo miezi sita baadaye ligi ilisema haikupaswa kuwa vile ilivyokuwa. Hakuna aliyemrudishia dakika zile 80. Mwisho wa msimu wa 2012, Storm walipokuwa wakijiandaa kuinua kombe, Hindmarsh alistaafu bila medali ya ubingwa hata moja, na Parramatta wake ndio waliomaliza wa 16.